Daftari la Siyu

Nina madaftari matatu chini ya meza ya mizani.
La zamani ni la marehemu mama,
mchwa wamelila mpaka kwenye pishi na vibaba:
mtama wa Bahero, pishi sita, kaleta;
kunde za kina Mwanatumu, kibaba na nusu, kaleta;
kaniki moja, kachukua.
Mama alikuwa na safu mbili.

Langu mimi lina safu moja.
Unga wa pakiti. Mtele, twauita mtele hata leo,
ingawa gunia limeandikwa Pakistani
na aliyelishona hajui Siyu iko ndia gani.
Vitunguu vya bara. Nyanya za Mpeketoni
zilizoanikwa Mokowe kutwa nzima
zikingoja boti ijae,
zafika huku zimechoka kuliko abiria.
Yai moja, shilingi ishirini na tano,
na kuku wapita mlangoni wakinitazama.

Ufuta tunao. Msiseme hatulimi.
Hutoka hapa kwa magunia,
hurudi ndani ya dumu, mafuta,
na juu yake picha ya ua
ambalo kisiwa hiki hakijapata kuliotesha.

Mwaka huu serikali ikatukumbuka.
Alikuja kijana wa kilimo, mpole,
shati limemganda chumvi ya safari,
akaandika wakulima mia na kumi na mmoja
wamejipanga ukutani mwa ngome.
Kila mmoja akaulizwa ekari.
Mzee Bwanaadi akajibu: kutoka mnazi uliokatika
hadi pale mbuzi wa Zena hufungwa.
Kijana akafikiri. Akaandika: mbili.
Akasema mbolea ni ya ruzuku,
ujumbe utaingia kwenye simu.

Uliingia kwa Shekuwe mwezi wa tano,
mvua ishapita nusu, mahindi yamefika gotini
na yamepauka kama mgonjwa wa safura.
*Mbolea yako tayari. Ghala la Mpeketoni. Siku tatu.*
Akaniletea simu kwa mikono miwili.
Nikachukua kalamu.

Boti hadi Mokowe, mia tano. Kurudi, mia tano.
Basi, mia tatu. Kurudi, mia tatu,
na gunia nalo ni abiria, mia moja.
Hamali wa Mokowe, hamsini,
wa kulishusha Mtangawanda, hamsini,
na yule asiyebeba kitu ila husimama hapo, hamsini.
Punda mpaka hapa, mia mbili.
Kulala, mia nne, maana boti haingoji ghala lifunguliwe.

Nikajumlisha. Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.
Elfu mbili, mia nne na hamsini.
Na punguzo la serikali?
Elfu mbili na mia tano.

Shekuwe akalitazama lile hamsini muda mrefu.
"Mayai mawili," akasema,
tukacheka mpaka wateja wakachungulia.

Namba ya ujumbe aliiuza kwa jamaa wa Mpeketoni,
mia nane, kwa simu hiyo hiyo.
Akanilipa deni la unga, akachukua unga mwingine.
Nikafuta mstari, nikaandika mstari.
Katika ripoti, huko ziandikwako ripoti,
Shekuwe ni mkulima aliyenufaika.
Wala si uongo. Watoto wake walikula ugali siku nne.

Jana magharibi kitukuu wa Mwanatumu
akaja na kikapu kimemshinda uzito.
"Mama asema, weka huu muhogo, nipe sukari."
Nikafungua daftari
nikakosa pa kuuweka.

Nikatafuta rula; mwanangu kaenda nayo chuoni.
Nikapiga mstari kwa mkono, toka juu hadi chini,
umekwenda upogo, umekata jina la Shekuwe katikati.
Muhogo, tisa, mmoja una jeraha la jembe.
Kaleta.